Nkatha Hakuamshwa

Dada yangu Kagwiria hufunga miraa katika soko la Laare, kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara. Anachagua vijiti vya urefu mmoja, anavibana kwa kidole gumba, anazungusha uzi wa mgomba, anakata ncha, anaviringisha kwenye jani. Kabla hujamaliza kumsalimia, bunda limekwisha. Miraa haingoji mtu. Ikichelewa inanyauka, na ikinyauka hakuna mnunuzi atakayeitazama. Kwa hiyo wanawake wa pale kibandani wanafanya kila kitu kwa saa, na Kagwiria ndiye wanayemuuliza saa ngapi.

Kitu kimoja ambacho hajawahi kufanya ni kuitafuna hiyo miraa. Hata jani moja. Nasema hivyo mapema kwa sababu kuna mwanamke aliyetangaza kinyume chake kwa miaka mingi, na mwanamke huyo ni mama mkwe wake, Veronicah. Sitamwandika kwa upole. Atakayetaka upole asome kitu kingine.

Kagwiria aliolewa na Gikunda akiwa na miaka ishirini na miwili. Gikunda hubeba magunia ya miraa kwa pikipiki kutoka mashambani, na ndivyo walivyojuana, gunia hadi gunia. Alimpeleka kwao, karibu na Mikinduri, akamjengea nyumba ya mbao hatua thelathini kutoka nyumba ya mama yake. Hatua thelathini ni karibu mno. Veronicah alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa kanisa, na kwake binti anayeshinda sokoni katikati ya wanaume wenye mashavu yaliyovimba kwa miraa hakuwa mke wa kumwonyesha mtu.

"Atakuwa anatafuna," aliwaambia wenzake. "Mtu hawezi kushinda jikoni asionje mboga."

Katika kijiji kile watu huamini kwamba miraa humfikia mtoto kupitia damu ya mama na maziwa yake, kwa hiyo mtoto wa mama anayetafuna hapati usingizi. Hapo ndipo ulipotoka mtihani wao. Wanawake wakienda kumwona mtoto mchanga na kumpelekea mama uji, wanaimba juu ya mtoto, kwa nguvu, wakipiga makofi. Mtoto akishtuka na kulia, wanatazamana. Akiendelea kulala, wanapiga vigelegele, na mama huyo jina lake linakuwa safi. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini kila msichana aliyeolewa kijijini anaijua.

Mtoto wa Kagwiria alizaliwa katika zahanati, msichana, kilo mbili nukta nne. Walimpa jina la nyanya yake, kama ilivyo desturi ya nyumba ile kwa binti wa kwanza: Nkatha. Veronicah Nkatha, na Nkatha mdogo. Muuguzi alimuaga Kagwiria kwa maneno ambayo angeweza kuyarudia hata leo.

"Huyu ni mdogo. Mwamshe kila baada ya saa tatu anyonye, mchana na usiku, mpaka arudishe uzito aliozaliwa nao. Mlete tumpime. Tukiona ameongezeka vizuri, tutakwambia umwache alale mpaka aamke mwenyewe. Lakini kwa sasa usingoje alie. Mtoto aliyeishiwa nguvu halii."

Mtu wa kufunga miraa haambiwi mara mbili habari ya saa. Siku mbili za kwanza nyumbani alimwamsha kila ilipofika. Alimvua shali, akampangusa uso kwa kitambaa chenye maji, akamkuna nyayo mpaka akafungua mdomo.

Siku ya nne wakaja akina mama kumi na wawili, na uji kwenye mitungi, na ndizi za kuchemsha. Saa ya kunyonya ilikuwa imefika. Kagwiria alikuwa ameanza kufungua shali.

"Unafanya nini?" Veronicah akauliza.

"Namwamsha anyonye, mama. Muuguzi alisema kila baada ya saa tatu."

"Muuguzi mwenyewe ana watoto wangapi?"

Wakacheka. Veronicah akamchukua mtoto mikononi mwake, akamfunika tena. "Mwache kwanza. Tumekuja kuona. Imbeni."

Wakaimba. Nyumba ya mbao ikatetemeka. Nkatha hakusogea hata kope.

"Huyu hata lori lipite hapa kitandani!" akasema Beth, jirani, mwanamke mwenye mzaha ambaye kila kikundi kina wake. "Amemfuata nyanya yake wakati wa mahubiri!"

Wakacheka tena, Veronicah akicheka kuliko wote. "Sitawaficha, nilikuwa na wasiwasi," alisema. "Mtu anashinda Laare, utajuaje? Lakini usingizi huu ni wa damu safi."

"Mama, naomba nimnyonyeshe kidogo tu," Kagwiria akasema.

"Na akilia mbele ya hawa? Jina lako limesafishwa leo, unataka kulichafua mwenyewe?"

Kagwiria akanyamaza. Hilo ndilo analojilaumu nalo mpaka leo, na mimi nakataa alaumiwe. Alikuwa na siku nne tangu azae, alikuwa na wanawake kumi na wawili chumbani, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe walikuwa wanamtazama kwa uso mzuri. Mtoto alizungushwa kutoka paja hadi paja mpaka alasiri. Walipoondoka, hakutaka kunyonya. Alikuwa laini kama kitambaa. Asubuhi macho yake yalikuwa ya manjano kama binzari, na Gikunda akawasha pikipiki.

Alikaa hospitalini wiki mbili. Alipona, tukashukuru, na tukashukuru mapema mno. Alipofika mwaka mmoja na nusu, kifuniko cha sufuria kilianguka nyuma yake kwenye sakafu ya saruji. Kuku walitimka. Nkatha aliendelea kucheza na kijiko.

Daktari wa masikio aliwaeleza bila kuzunguka. Ile manjano ilipanda ikaingia kwenye ubongo ikaharibu njia ya kusikia. Maziwa ndiyo huisukuma itoke kwa choo, na mtoto asiponyonya inabaki mwilini. Akauliza kama mtoto alikuwa analala sana siku zile. Kagwiria akasema ndiyo. Akauliza kama alikuwa anaamshwa.

Walirudi nyumbani na habari hiyo. Veronicah aliisikiliza yote akiwa amesimama mlangoni, kisha akasema:

"Si niliwaambia tangu mwanzo? Ni miraa. Mtoto hawezi kulala vile bila sababu."

Usingizi ule ule! Siku ya nne ulikuwa ushahidi wa damu safi. Mwaka mmoja na nusu baadaye ukawa ushahidi wa miraa. Na wale kumi na wawili waliokuwapo, walioona kwa macho yao mtoto akifunikwa tena, waliitikia na kuipeleka habari hiyo mpaka Laare. Gikunda alisikia mama yake akisema, akainama kukagua mnyororo wa pikipiki yake.

Kagwiria alijifunza ishara kwa mwalimu wa kitengo cha viziwi ambako Nkatha alianza kwenda akiwa na miaka mitatu, na nyingine waliziunda wenyewe nyumbani. Kulala ni shavu kwenye kiganja. Kuamka ni kukuna kiganja kwa kidole, kwa sababu ndivyo anavyomwamsha binti yake hadi leo: anamkuna unyayo. Kila asubuhi anafanya hivyo, na aliniambia kwamba kila asubuhi anamfikiria Veronicah.

"Siku moja," aliniambia, "nataka akae pale nilipokaa mimi."

Mwezi wa nane uliopita, siku hiyo ikaja.

Joyline, dada yake Gikunda, ni mwalimu. Anafundisha katika shule ya Kibugu, kule Embu, ambako mume wake Kithaka ana shamba la majani chai. Shule zilifungwa, akaja kumtembelea mama yake akiwa na mimba ya miezi minane, na uchungu ukamshika huko huko, wiki tatu kabla ya wakati. Akajifungua mvulana zahanati ya Mikinduri, Jumatano. Wakamwita Mwenda. Muuguzi akampa Joyline maneno yale yale: mdogo, kila baada ya saa tatu, usingoje alie. Ijumaa akaletwa kwa mama yake, na Veronicah akatuma habari kwa kikundi kwamba Jumamosi waje.

"Mtamwona mtoto wa mama asiyegusa miraa," alisema, kwa sauti ya kuvuka hatua thelathini.

Kazi ya kufua nepi alipewa Kagwiria. Jumamosi, saa tatu asubuhi, alikaa nje na beseni, akachukua ndoo ya nepi chafu. Ndani mlikuwa na moja. Tangu jana jioni, moja, na rangi yake ilikuwa kama chai ya mkandaa, isiyo na maziwa. Aliingia ndani kuuliza kama kuna nyingine. Hakukuwa na nyingine. Mtoto alikuwa amelala, ametulia, na kwenye kona ya jicho lililofunguka kidogo aliona ile rangi ya binzari.

Alirudi kwenye beseni, akafua nepi ile moja, akaianika, kisha akanipigia simu.

"Umewaambia?" nilimuuliza.

"Bado."

Nilikuwa chuoni. Nilielewa mara moja kile alichokuwa anauliza, ingawa hakukiuliza. Nikamjibu kwa moyo wangu wote.

"Nyamaza. Wewe ni mtu wa miraa, unajua nini? Waache waje waimbe. Acha Veronicah aonje."

Akaniuliza, "Wewe ulisoma nini huko?"

"Nilisoma kwamba watu kama yule hawajifunzi mpaka waumie."

"Na atakayeumia ni nani? Hapo hata mtoto akilala hadi Jumatatu, masikio ya Veronicah yatabaki mazuri."

Akakata simu.

Lakini hakwenda kuwaambia. Mwenyewe ameniruhusu niliandike hilo. Alimenya viazi. Saa nne alimsikia Joyline kupitia dirishani akisema, "Mama, nimwamshe? Muda umefika," na Veronicah akijibu, "Mtoto akilala ni baraka, nawe pumzika." Alikata kabichi. Saa saba akasikia tena Joyline akiuliza, na sauti yake ilikuwa imepungua. Kagwiria akachemsha chai ya wageni. Toka saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana ni saa tano. Alikuwa na maneno mdomoni na hakuyatoa, kwa sababu alitaka wale kumi na wawili wawepo atakapoyatoa. Anasema siku moja ataulizwa kuhusu saa hizo tano. Mimi nasema waanze kuulizwa wengine.

Saa nane wakaja, vitambaa kichwani, mitungi ya uji. Veronicah alikaa katikati na mtoto mapajani, amefunikwa shali tatu. Joyline alikuwa kwenye kochi, amechoka. Wakaimba. Wakapiga makofi. Mwenda hakusogea. Mikono ilikuwa imeanza kupanda midomoni kwa vigelegele wakati Kagwiria alipotokea mlangoni na sinia la vikombe.

"Imbeni zaidi," alisema.

Wakamgeukia.

"Imbeni. Nkatha wangu mlimwimbia kwa nguvu kuliko hivyo."

"Weka chai uende," Veronicah akasema.

Akaweka sinia mezani. Hakwenda. "Joyline, mtoto amekojoa mara ngapi tangu jana jioni?"

Joyline akatazama mama yake. "Sijui. Mama ndiye anambadilisha."

"Mimi ndiye ninayefua. Nepi ni moja. Iko pale kwenye kamba, inaonekana kutoka hapa. Hebu hesabuni."

Vichwa kumi na viwili vikageuka kwenye dirisha. Nepi moja nyeupe ilikuwa inapepea peke yake.

"Mnamsikiliza huyu?" Veronicah akasimama na mtoto. "Mtu wa miraa?"

"Ndiyo, mtu wa miraa," Kagwiria akasema. "Na huyu ni mtoto wa mwalimu. Mwalimu hatafuni, au sivyo? Basi tuambie leo, mama, mbele ya hawa. Usingizi huu ni wa nini? Ni wa damu safi au ni wa miraa? Chagua. Mimi ulinipa yote mawili."

Beth, ambaye hukosi kumsikia, akashusha mkono aliokuwa ameupandisha kwa kigelegele.

"Usimguse mjukuu wangu."

"Mjukuu wako mwingine ulimgusa wewe."

Hapo Joyline akainuka. Alitembea polepole, kama mtu aliyezaa siku tatu zilizopita, akamtoa mtoto wake mikononi mwa mama yake na kumkabidhi Kagwiria. Kagwiria akamtoa shali ya kwanza, ya pili, ya tatu, akazitupa sakafuni. Akampeleka mlangoni kwenye jua. Akabonyeza ncha ya pua kwa kidole, akaachilia, na kila aliyekuwa karibu akaona alama ya manjano ikibaki pale kidole kilipotoka. Akachovya ncha ya leso kwenye maji baridi, akampangusa uso. Akamkuna nyayo. Mdomo wa Mwenda ukafunguka kama wa kulia, na sauti haikutoka.

"Beth," Kagwiria akasema, "wewe ndiye wa lori. Njoo uangalie."

Beth akaja, akaangalia, akafunika mdomo.

"Gikunda!" Kagwiria akaita, na safari hii mume wake hakutazama mnyororo.

Nitasema upesi, maana najua mnachotaka kujua. Mwenda alilazwa chini ya taa za buluu kwa siku sita, akinyweshwa maziwa ya mama yake kwa kijiko mpaka akapata nguvu ya kunyonya mwenyewe. Daktari alisema walifika kwa wakati, lakini si mapema. Alipopimwa masikio wiki kadhaa baadaye, alishtuka kwa mlio wa kwanza. Joyline alilia palepale. Kagwiria, aliyemsindikiza, alitoka nje akasimama kwenye korido.

Waliporudi nyumbani, Joyline alimshika Kagwiria mikono. "Mama Nkatha, nikupe nini?"

"Wewe huna deni langu."

"Sema tu."

"Mama yako anaongea nawe, anaongea na wale wanawake, anaongea na Mungu kila Jumapili. Nkatha hajawahi kumwambia kitu. Nataka amwambie alichofanya. Kwa mikono, kwa lugha ya Nkatha. Na mbele ya wale wale kumi na wawili."

Joyline akarudi kwa mama yake na kumwambia kwamba hatamruhusu kumbeba Mwenda mpaka afanye hivyo. Veronicah alijaribu njia fupi kwanza. Alikwenda jikoni kwa Kagwiria na kuku chini ya kwapa, jioni, watu wakiwa hawapo.

"Tuyamalize sisi wenyewe, mwanangu. Mambo ya nyumbani yabaki nyumbani."

"Uliyatoa nyumbani ukayapeleka hadi Laare," Kagwiria akamwambia. "Kuku wako ni mzuri. Rudi naye."

Siku nane Veronicah alikaa kwenye kigoda, hatua thelathini kutoka nyumbani kwake, akifundishwa ishara nne. Mimi. Nilikataza. Usiamshwe. Nilikosa. Vidole vyake vilikuwa vigumu, vya mtu aliyechimba shamba maisha yake yote, na Kagwiria hakuvihurumia. Alimfundisha kwa saa moja kila siku, kwa saa ya ukutani, na dakika hazikupunguzwa.

Jumamosi wakaja wote. Hakukuwa na uji wala nyimbo. Nkatha, mwenye miaka minne, alikaa kwenye kiti cha mbao katikati yao akila hindi la kuchoma, akistaajabu kwa nini leo anatazamwa yeye. Veronicah alipiga magoti mbele yake ili mikono yake ionekane. Nilikuwa nimekuja kutoka chuoni kwa makusudi. Nilitaka kuuona uso ule, nikauona. Ulikuwa umezeeka.

Akafanya ishara. Mimi. Nilikataza. Kwenye neno la tatu kidole kikakosa kiganja.

Nkatha akamtazama, akatazama hindi lake, akang'ata punje.

"Hakuelewa," Kagwiria akasema. "Rudia."

Veronicah akarudia. Kikohozi kikasikika nyuma. Joyline alikuwa amesimama na Mwenda, ambaye alishtuka kwa kikohozi hicho na kuanza kulia, kwa sauti, na hakuna aliyetazamana na mwenzake.

Nkatha akaweka hindi chini. Akashika mkono wa nyanya yake, mkono wa mtu mwenye jina lake, akaukunjua kidole hadi kidole kama mwalimu wake anavyomfanyia yeye, akakikunja kidole gumba mahali kinapostahili kukaa. Akamkuna kiganja, kuonyesha jinsi neno linavyotakiwa kuwa. Kisha akaketi tena akangoja.

Veronicah akageuka kumtazama Kagwiria, macho yamejaa, akiomba.

"Umeona?" dada yangu akasema. "Amekuonyesha. Rudia."